Kuhusu kanisa letu la St. Andrew's

Mwanangu Kamau,

Barua yako nimeipata. Unasema wenzako kanisani huko Edinburgh wamekuuliza nani walianzisha St. Andrew's yetu ya Nairobi. Waambie ni watu wao, Waskoti, Nairobi ikiwa bado mji mchanga wa reli. Jengo hilo la mawe walilijenga miaka ya 1950, na wakati wa Hali ya Hatari, siku za vita vya Mau Mau, mchungaji wao David Steel aliikosoa serikali ya mkoloni waziwazi. Mwaka wa 1956 wakaungana na PCEA, Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki.

Lakini mimi husema, na utanivumilia nikirudia, kanisa hujulikana kwa lile linalothubutu kulisema hadharani. Ndiyo maana St. Andrew's yangu naihesabu kuanzia Mwaka Mpya wa 1990.

Ulikuwa umepakatwa na baba yako. Mchungaji Timothy Njoya akapanda mimbarini, akaanza na Ulaya Mashariki, jinsi tawala za chama kimoja zilivyokuwa zikianguka. Ceauşescu, dikteta wa Romania, alikuwa amepigwa risasi juzi tu, siku ya Krismasi. Kisha akaigeukia Kenya, nayo ya chama kimoja. Kamau, hakuna aliyekohoa! Mama mmoja wa Woman's Guild, chama cha akina mama kanisani, mbele yangu aliishika Biblia kwa mikono miwili kama abiria wa matatu inayokata kona. Mimi nilikuwa nikilia kwa furaha.

Baba yako akainuka. Akakutia begani, akapita katikati ya viti huku watu wakimtazama, akatoka. Nilibaki. Nyumbani hatukusemezana hadi usiku, ndipo akaniambia, "Mshahara wa serikali ndio unaolipia nyumba hii." Kweli, na ndio uliokulipia karo. Mawaziri walimshambulia Njoya vikali, na miaka hiyo watu walikuwa wakichukuliwa usiku. Basi alikuwa na haki ya kuogopa? Alikuwa nayo. Ila angeweza kuogopa akiwa ameketi. Hapana, hilo nisiliseme, marehemu hawezi kunijibu. Desemba 1991, kifungu cha 2A cha katiba, kilichoruhusu chama kimoja tu, kilipofutwa, alinunua magazeti mawili, akayasoma yote hadi matangazo ya vifo, asiseme neno. Nami sikumuuliza.

Wenzako wasimulie habari ya mimbari. Ya baba yako iache, ni yetu. Na huko mnakosali, mchungaji huwa anaitaja serikali?

Mama yako