Fundi wa Baridi: Kabla hujalipia gesi

Kaskazi imeanza kuuma na barua zimekuja kwa wingi. Nyingi zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: gesi imeisha, nijaze kwa shilingi ngapi? Bei sitaji hapa, kwa sababu wengi wenu hamhitaji gesi. Someni hii ya kwanza mpaka mwisho kabla hamjampigia fundi simu.

*

Asalam alaykum Fundi. AC yetu ya chumbani inadondosha maji juu ya kitanda, na baada ya saa mbili tatu baridi hupotea kabisa. Fundi wa mtaani anatujazia gesi kila kaskazi. Inatengemaa wiki chache, kisha yale yale. Mume wangu anasema tununue nyengine. Tufanye nini?
*Mama watoto, Fuoni*

Waalaykum salaam, dada. Mwambie shemeji asitoe pesa kwanza.

Gesi ya AC haitumiki ikaisha. Inazunguka ndani ya mabomba ya shaba, inabeba joto la chumbani, inakwenda kulimwaga nje, inarudi kubeba jengine. Mzunguko huo umefungwa pande zote. Mashine ikiwa nzima, gesi iliyotiwa siku ya kufungwa ndiyo itakayokuwemo siku unaiuza kwa watu wa vyuma chakavu. Ikipungua, pana tundu. Anayekujazia kila mwaka bila ya kulitafuta tundu hilo anakuuzia kitu kile kile kila mwaka.

Lakini kwa dalili zako, mie gesi siifikirii hata kidogo mwanzoni. Naanza na chujio. Zima AC kwenye swichi ya ukutani, si kwa rimoti tu, kisha inua kifuniko cha mbele. Utaona vyandarua viwili vya plastiki. Vichomoe uvinyanyue dirishani. Kama mwanga haupiti, ugonjwa umeshauona. Vumbi la barabara, nyuzi za shuka na poda ya mtoto vikishikana huwa kama blanketi. Vioshe kwa maji ya mfereji na sabuni kidogo, visugue kwa brashi laini, vianike kivulini. Juani vinajikunja na havitaingia tena mahala pake. Msimu huu fanya hivyo kila wiki mbili.

Hewa isipopita vizuri, mabomba ya ndani yanapoa kupita kiasi, chini ya nyuzi 0, na unyevu wa hewa yetu ya kisiwani unaganda juu yake. Barafu ikishatanda, hewa haipiti tena kabisa. Ndiyo hiyo baridi "inayopotea" baada ya saa mbili. Mashine ikizimwa, barafu yote inayeyuka kwa mpigo, trei haihimili, kitanda kinaloa.

Kisha toka nje ukautazame mpira wa maji. Nyumba nyingi za Fuoni na Mwanakwerekwe nimeona ncha ya mpira imetumbukizwa ndani ya ndoo, na ndoo ikijaa ncha inazama. Hapo hewa inakwama ndani ya mpira na maji yanarudi chumbani. Iinue ncha juu ya maji, na ndoo imwage kila siku, maana mbu wa dengi wanapenda khasa maji safi yaliyotulia. Mpira uwe unateremka njia nzima, usipande popote. Ndani yake huota utelezi wa kijani. Uvute kwa mashine ya kufyonzea vumbi kutokea nje, kisha mimina maji vuguvugu yenye siki kidogo kwenye trei uone kama yanatoka upande wa pili.

Baada ya hapo iache ifanye kazi ya feni tu mpaka barafu yote iyeyuke, ndipo uwashe baridi. Ikiganda tena hali chujio ni safi, vibati vya nyuma ya chujio ni safi na feni inazunguka sawasawa, sasa ndiyo tuzungumze gesi. Mwambie fundi atazame zile nati za shaba zinazounganisha mabomba na mashine, ya ndani na ya nje. Gesi inapotoka huja na mafuta ya kompresa, ile pampu inayoisukuma gesi, kwa hiyo pahala panapovuja huwa pana doa la mafuta lililoshika vumbi jeusi. Apapake povu la sabuni. Likitoa vipovu, hapo ndipo. Mara nyingi nati ilikazwa vibaya au mdomo wa bomba ulitanuliwa vibaya, na dawa yake ni kuukata na kuutanua upya.

Jambo la mwisho katika hili: kibandiko cha mashine ya nje kimeandikwa aina ya gesi na uzito wake. Za zamani ni R22, ile inayokula tabaka la ozoni na ambayo nchi zetu, kwa Mkataba wa Montreal wa 1987, zimepangiwa kuachana nayo karibu yote ifikapo 2030. Za baadaye ni R410A au R32. Hazichanganywi. R410A yenyewe ni mchanganyiko wa gesi mbili, kwa hiyo hutiwa ikiwa katika hali ya maji, si ya mvuke, na kwa kupimwa. R32 inaweza kushika moto, basi anayetaka kuchomea bomba lingali na gesi mtoe nyumbani kwako. Fundi wa kweli huja na pampu ya kunyonya hewa na mizani. Akija na mtungi na geji tu, akakuuliza "nitie kiasi gani?", mpe chai aende zake.

*

Ami Fundi, shikamoo. Nina nyumba ndogo ya wageni Jambiani, hatua chache kutoka pwani. Mashine za nje zinaliwa na kutu, vibati vya nyuma ukivigusa vinamomonyoka kuwa unga mweupe. Nimeshauriwa nizipake rangi ya mafuta mashine nzima. Nipake?
*Kijana wa Jambiani*

Marahaba mwanangu. Paka kasha na vyuma vya kuning'inizia, lakini vibati vya alumini usiviguse kwa brashi ya rangi. Kazi yake ni kutoa joto. Ukivifunika kwa rangi nzito joto linabaki ndani, kompresa inahangaika, na uniti za umeme za Tukuza zinakwenda.

Unga mweupe huo si kutu ya chuma, ni alumini inaliwa. Bomba la shaba limepita katikati ya vibati vya alumini, na vyuma hivyo viwili vikikutanishwa na maji ya chumvi, alumini ndiyo inayokufa. Kwa hiyo dawa ni kuiondoa chumvi kabla haijakaa. Zima umeme, chukua mpira wa kumwagilia bustani, osha vibati kwa maji matamu kila wiki mbili, na wakati wa kusi kila wiki, kwa sababu upepo ule unakuja moja kwa moja kutoka baharini kwenu. Usitumie pampu ya kuoshea magari, itavilaza vibati na kuziba njia ya hewa. Na usitumie maji ya kisima cha pwani. Onja kwanza: kama yana chumvi ulimini, utakuwa unaosha chumvi kwa chumvi.

Kuna jambo wengi hawalifikirii. Mashine iliyofungwa chini ya upenu huharibika kwa chumvi upesi kuliko iliyo wazi, kwa sababu mvua ya masika haiifikii kuisuuza. Upenu ni mzuri kwa jua, lakini unakupa wewe kazi ya mvua.

Nimeona pia nyumba za wageni zinaficha mashine kwa vikuta vya makuti ili wageni wasizione. Inapendeza, lakini hewa ya moto inapiga kwenye makuti na kurudi kwenye mashine ile ile. Acha uwazi mbele, wa kupita mtu. Ukinunua nyengine, tafuta yenye vibati vilivyopakwa kinga kiwandani, na uifunge upande wa nyumba usiotazama bahari hata kama bomba litakuwa refu kidogo.

*

Fundi, ndugu yangu kaniletea AC iliyotumika kwenye kontena kutoka Uingereza. Nimeifunga, inafanya kazi, ila inapuliza hewa ya moto. Gesi?
*Mwalimu wa skuli, Wete*

Si gesi, mwalimu. Tazama rimoti. Kama pana picha ya jua, bonyeza kitufe cha MODE mpaka ije picha ya chembe ya theluji, weka nyuzi 25, subiri dakika tano. Mashine hizo zina vali inayogeuza safari ya gesi, zikakusanya joto nje na kuliingiza ndani. Wenzetu kule wanalihitaji majira ya baridi, Wete hapana. Ikiwa theluji iko kwenye rimoti na bado ni moto, vali imekwama, mwite fundi.

Kwa kuwa wengi wananunua vya mtumba: vya Uingereza na Dubai vinakubali umeme wetu wa volti 230. Vya Japani vingi ni vya volti 100. Ukikichomeka ukutani moja kwa moja utasikia mlio mmoja tu, wa kwanza na wa mwisho. Soma kibandiko kabla ya kulipa.

*

Asalam alaykum. Jioni umeme wetu hushuka, taa zinafifia. AC inawaka ndani, lakini mashine ya nje inanguruma tu, feni haizunguki. Kijana mmoja aliisukuma kwa kijiti ikazunguka. Sasa tunafanya hivyo kila siku. Kuna ubaya?
*Bi Mkubwa, Mpendae*

Waalaykum salaam, Bi Mkubwa. Upo, na kijiti hicho kifichwe watoto wasije wakakiona. Ikizunguka kwa kusukumwa, mara nyingi mota ni nzima na kilichokufa ni kapasita, kile kikopo kinachoipa mota nguvu ya kuanzia. Fundi akifungua ataiona imevimba juu au inatoa mafuta. Ni kifaa cha bei ndogo na kazi yake haichukui muda. Lakini msifungue wenyewe: kapasita inaweka umeme ndani yake hata baada ya kuzima, na inapiga. Mkiacha hivyo hivyo, feni siku moja haitazunguka hali kompresa inafanya kazi, na kompresa ndiyo bei ya mashine.

Na kapasita mpya nayo itakufa msipoutazama umeme wa jioni. Fundi apime saa mbili usiku, si asubuhi, maana asubuhi umeme ni mzuri kwa kila mtu. Ukiwa chini ya volti 200, fungeni kilinda umeme kinachokata ukishuka na kusubiri dakika chache kabla ya kurudisha. Umeme ukikatika, zima AC. Ukirudi, hesabu dakika tano ndipo uwashe. Tuliokuwepo Unguja wakati wa ule ukosefu wa umeme, wa Disemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa baharini ulipotutupa gizani, tulizika kompresa nyingi kwa majenereta madogo yaliyokuwa hayawezi kuziwasha.

*

Hita ya maji ya kuogea inaangusha breka kila nikiiwasha. Nimeambiwa nikate waya wa ethi, ule wa kwenda ardhini, itaacha.
*Msomaji, Chake Chake*

Usikate! Itaacha kuangusha breka na itaanza kukupiga wewe, ukiwa umelowa. Koili ya ndani imepasuka na maji yanagusa umeme. Maji ya visima vyetu vya mawe yana chokaa, inagandia koili, koili inashindwa kutoa joto na inajichoma. Zima, badilisha koili, oga maji ya ndoo kwa sasa.

*

Tumerithi nyumba Mji Mkongwe, upande wa Malindi. Tunataka AC chumba cha juu, lakini jirani kafunga na ukuta wake sasa unatoka jasho na plasta inabomoka. Je, nyumba za mawe hazifai AC?
*Warithi wawili*

Zinafaa, ila haziingiliwi kama nyumba ya matofali ya Tomondo.

Ukuta wenu ni mawe ya matumbawe na udongo wa chokaa, mnene, na unavuta na kutoa unyevu wenyewe. Nadhani ukuta wa jirani umepigwa plasta ya saruji. Saruji inaufungia unyevu ndani. Juu yake akaweka AC kwenye nyuzi 16, uso wa ukuta ukawa baridi, na kila mlango ukifunguliwa hewa ya nje yenye unyevu inaugusa na kugeuka maji. Mkirekebisha, tumieni chokaa, na mweke nyuzi 26 pamoja na pangaboi. Mtaona mwili unaridhika vile vile, na ukuta unabaki mkavu.

Umbo la chumba nalo lina neno. Vyumba vya kale ni vyembamba na virefu kwa sababu upana wake umefungwa na urefu wa boriti za mikoko. Mkiifunga AC kwenye ukuta mrefu, itapuliza ukuta wa mbele yake na pembe mbili zitabaki na joto. Ifungeni kwenye ukuta mfupi, ipulize kwa urefu wa chumba. Skurubu fupi hazishiki kwenye chokaa, zinatoka na unga. Tangulizeni ubao mpana uliokazwa pahala pengi, kisha mashine ikae juu ya ubao.

Mashine ya nje msiitundike barabarani. Mji uko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2000, na kabla ya kutoboa ukuta wa nje nendeni Mamlaka ya Mji Mkongwe mkaombe kibali. Uani au juu ya paa ndiko kunakokubalika kwa urahisi zaidi, na uani pia hakuna upepo wa chumvi. Bomba la maji lishukie ndani hadi kwenye mtaro wa msalani, lipitie kiko, yaani bomba lililopinda linalobaki na maji, ili harufu isipande chumbani, lisije likawamwagia wapita njia wanaokwenda kuswali.