Jibu: Mama ana baridi yabisi, usiku halali na amekuwa mkali

Pole dada wa Wete, umeuliza kama mamaako anadeka au kweli anaumwa, mi nakwambia anaumwa tena khasa. Baridi yabisi haitokani na feni wala upepo wa kusi, ni kinga ya mwili yenyewe inashambulia viungo vinavimba, ndo maana alfajiri vidole vimekakamaa hata kutia udhu shida, inaweza kupita saa nzima au zaidi ndo vinalegea. Sasa mtu akiumwa usiku halali, na asiyelala kesho yake maumivu anayasikia zaidi, basi inakuwa hivohivo kila siku, hasira, kulia, hataki kwenda hata shughulini. Na kule kuchoka ni maradhi si uvivu, moyo ukishuka, yaani huzuni haimtoki, mwambieni daktari, nao unatibika.

Mafuta ya makonyo ya karafuu mkandeni tu, yanapoza, ila hayazuii viungo kuharibika. Diklofenaki, vile vidonge vya maumivu, za dukani kila siku hapana jamani, zinaleta vidonda vya tumbo na kuumiza figo, khasa mtu mzima mwenye presha. Mpelekeni hospitali ya Abdalla Mzee kule Mkoani, au mkivuka Unguja basi hospitali ya Mnazi Mmoja, mkaulizie dawa ya kutuliza ugonjwa wenyewe. Akiandikiwa methotreksati, ndo mojawapo ya dawa hizo, kwa maradhi haya ni mara moja kwa WIKI si kila siku, kuikosea hiyo ni hatari.

Siku ana nafuu atembeetembee uani, misuli isilegee. Bado anakuna nazi? Mpokeeni mbuzi.