Baiskeli kwa Dereva wa Motokrosi: Pumzi ya Mizunguko ya Mwisho

Asiyewahi kukimbiza pikipiki ya motokrosi hudhani injini ndiyo inayofanya kazi yote. Mpandishe kwenye njia yenye mashimo, vilima vya kuruka na mchanga laini, na baada ya dakika chache atakuwa anahema mdomo wazi. Kwenye ubingwa wa dunia wa MXGP, kila mbio ni dakika 30 na mizunguko miwili juu yake, na siku hiyo hiyo unarudi tena kwa mbio ya pili. Unaidhibiti pikipiki yenye uzito wa kilo 100 hivi, huku moyo ukipiga karibu na asilimia 90 ya kiwango chake cha juu kwa sehemu kubwa ya muda huo. Vijana wanaoanza wakiniuliza wafanye mazoezi gani siku ambazo hawapandi pikipiki, jibu langu ni moja: baiskeli.

Sababu yangu kubwa ni miguu. Dereva mzuri wa motokrosi husimama muda mwingi, magoti yamekunjwa kidogo, mapaja yakifanya kazi pamoja na shokabu. Mapaja yakichoka, anakaa. Akikaa, kila shimo linampiga mgongoni na mabegani, kwa hiyo anaanza kujishikilia kwa mikono. Hapo vigasha vinajaa na kukaza, na vidole vinakosa nguvu ya kuvuta klachi na breki. Wengi hukimbilia kutibu mikono, wakati mara nyingi tatizo lilianzia kwenye mapaja na pumzi. Baiskeli inajenga vyote viwili bila kuyapiga magoti kama kukimbia barabarani, na kwetu sisi ambao tumeshayaangukia magoti yetu mara nyingi, hilo si jambo dogo.

Na si mawazo yangu peke yangu. Aldon Baker, mkufunzi aliyewanoa mabingwa wa motokrosi wa Marekani kama Ricky Carmichael na Ryan Villopoto, alitokea kwenye mbio za baiskeli huko Afrika Kusini. Wanafunzi wake wamepiga pedali saa nyingi sana. Carmichael alishinda mbio zote 24 za ubingwa wa motokrosi wa Marekani mwaka 2002, kwenye daraja la juu lililoitwa 250. Kipaji alikuwa nacho tangu mwanzo, lakini kipaji kinahitaji mwili utakaokibeba mpaka mstari wa kumalizia.

Sasa, namna ya kupanda. Safari nyingi za wiki ziwe nyepesi, na nikisema nyepesi namaanisha nyepesi kweli: uweze kuongea sentensi nzima bila kukatika pumzi, moyo ukiwa kwenye asilimia 60 hadi 70 ya kiwango chako cha juu. Saa moja na nusu, hata mbili. Sisi watu wa pikipiki tunapenda kushindana, na tukiona mtu mbele yetu tunataka kumpita. Mwache aende. Safari hizi ndizo zinazoupa moyo uwezo wa kusukuma damu nyingi kwa kila pigo, na ndizo zinazokufanya upoe haraka kati ya mbio ya kwanza na ya pili. Ukizigeuza kuwa mashindano, utafika na miguu mizito kwenye siku ya mazoezi makali, na hiyo ndiyo siku unayotakiwa kuwa mzima.

Siku kali mbili kwa wiki zinatosha. Mimi hutafuta mlima wa kupanda kwa dakika 4, naupanda mara nne, na katikati nashuka taratibu mpaka pumzi irudi. Dakika ya kwanza inadanganya, unajiona una nguvu za kumaliza mlima mara kumi. Dakika ya tatu mapaja yanawaka, mabega yanapanda kuelekea masikioni, vidole vinabana usukani bila hata kutumwa. Hapo ndipo zoezi lenyewe linapoanza. Nalegeza kidole kimoja kimoja mpaka usukani umekaa tu viganjani, nashusha mabega, natoa hewa yote nje, na miguu haipunguzi kasi. Mwili unajifunza kulegea juu huku chini unateseka. Kwenye mizunguko ya mwisho ya mbio, wakati kila mtu amekaza mikono, hicho ndicho kitu ninachokithamini kuliko nguvu yoyote.

Baiskeli ya barabarani inafaa kwa safari ndefu, lakini kama una nafasi ya moja tu, chukua ya milimani. Kwenye mteremko wenye mawe na mizizi unasimama juu ya pedali, unatazama mbali badala ya kutazama gurudumu, unachagua mstari kabla hujafika kwenye kona. Ni mambo yale yale ya pikipiki. Angalia tu breki zako. Kwenye pikipiki mkono wa kulia unavuta breki ya mbele, lakini katika nchi nyingi baiskeli huuzwa breki ya mbele ikiwa kushoto. Kama yako iko hivyo, mpe fundi azibadilishe. Kwenye hatari mkono hauulizi ruhusa, unafanya ulichozoea, na kuvuta breki isiyo yenyewe kunaweza kukurusha juu ya usukani.

Kuna vitu baiskeli haikupi, na lazima uvitafute kwingine. Haifundishi misuli ya ndani ya mapaja, ile inayobana pikipiki kwa magoti. Mgongo wa juu na mabega inavigusa kidogo tu. Na mifupa: anayepanda baiskeli pekee haibebeshi mifupa yake mzigo wa kutosha kuiimarisha, na mchezo wetu una maanguko. Kwa hiyo beba vyuma, chuchumaa na uzito begani, ruka, ning'inia kwenye chuma. Baada ya kila safari nyoosha nyonga, maana kukaa umeinama muda mrefu huzikaza, na nyonga zilizokaza hazikuruhusu kusimama vizuri kwenye pikipiki.

Safari ikizidi saa moja, kula na kunywa ukiwa njiani. Gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa zinawatosha wengi. Wiki ya mashindano punguza urefu wa safari karibu nusu, bakiza vipande vifupi vichache vya kupiga pedali kwa kasi ili miguu isilale, na siku ya kuamkia mbio panda nusu saa tu kwa gia nyepesi.