Mapacha wako wana sura moja, wape nafsi mbili

Mwanangu,

Swali lako nimelipata. Umeandika sura tano za riwaya ya vijana kuhusu mabinti wawili wa miaka 16, mapacha waliofanana kama shilingi kwa ya pili, na wote watatu uliowapa wasome wamekurudishia jibu lilelile: hatujui nani ni nani. Mmoja umempa kovu kwenye nyusi, mwingine umemvalisha miwani, wapi. Sasa unauliza uongeze alama gani.

Usiongeze hata moja. Kovu ni la mtu anayeona kwa macho, na msomaji wako haoni uso, anasikia maneno. Ukilitaja analikumbuka kwa mistari miwili kisha linamtoka, maana halina kazi yoyote katika hadithi. Mhusika anatambulika kwa anachokitaka, anachokikwepa na kinachomkera.

Tuondoe kwanza lililo rahisi, yaani majina. Aisha na Asha hayakai kitabu kimoja. Anayesoma haraka hashiki jina zima, hushika herufi ya kwanza na urefu wake basi. Mwache Aisha, Asha awe Tunu. Najua wazazi wengi hupenda kuwapa mapacha majina yanayoimbiana. Mama yao wa kitabuni avumilie tu.

Kinachofuata ni sarufi, na hapa Kiswahili kimekutega. Wote wawili ni "yeye", wote wanabeba a- na -m-, na hata ungemfanya mmoja mvulana kiambishi kisingekusaidia. Sura ya pili umeandika: "Alimshika mkono akamwambia asiseme kitu kwa sababu alikuwa anaogopa." Nani kamshika nani? Nani anaogopa? Wewe unajua, kwa kuwa picha unayo kichwani. Jaribu hivi: "Aisha alimshika Tunu mkono. 'Usiseme kitu.' Vidole vya Tunu vilikuwa baridi." Jina la Tunu limetajwa mara mbili na halijachosha, na woga umepata mwenyewe bila kutajwa. Wakiwa wawili tu chumbani, taja jina kila mtendaji anapobadilika. "Mwenzake" nalo linafaa, ila mara moja kwa aya, likizidi linageuka kuwa "yeye" mwingine.

Suluhisho kubwa zaidi ni kumpa mmoja usimulizi, maana sasa unarukaruka: sura ya kwanza wanasimulia wote wawili kwa "sisi", ya pili ni "yeye" na "yeye". Tunu akisema "mimi", Aisha anabaki peke yake kwenye "yeye" na nusu ya mkanganyiko inaisha siku hiyohiyo. Wengi hupokezana, sura moja huyu, inayofuata yule, na kuandika jina juu ya kila sura. Njia hiyo ni ngumu kuliko inavyoonekana, kwa sababu jina la juu halisaidii kama sauti ya chini ni ileile. Kwa kitabu chako cha kwanza, chagua msimulizi mmoja.

Ukishamchagua, chukua kalamu nyekundu upigie mstari kila tu- ya sura ya kwanza. Nimehesabu 41: tuliamka, tukacheka, hatukupenda, tulijua. Shida yako yote imelala hapo, na bahati yako pia. Kitabu kuhusu nafsi kinaandikwa kwa nafsi, zile za sarufi. Zile tu- za vitendo vya mwili ziache, "tulikaa", "tulitoka". Za moyoni zichunguze moja moja: "tulichukia" kweli, au Aisha alichukia na Tunu akafuata? Mahali pa kwanza ambapo Tunu anaanza kusema "tulitaka" kisha anajirekebisha, "nilitaka", ndipo hadithi yako inapoanzia. Kwa sasa pako ukurasa wa 60. Pasogeze kabla ya ukurasa wa 20, kijana hatasubiri.

Wengine nao wazungumze kwa wingi. Mtu akutane na Tunu yuko peke yake kwenye ngazi, amsalimie "Hamjambo?", naye bila kufikiri ajibu "Hatujambo." Mistari hiyo miwili inatosha kuchukua nafasi ya aya yako nzima ya uchungu wa kuwa pacha. Ifute ile aya.

Sasa tofauti yenyewe. Umemfanya mmoja mpole na mwingine mkali, na hapo ndipo wengi hujikwaa: mapacha wanakuwa mtu mmoja aliyepasuliwa katikati. Mwanasaikolojia wa Ufaransa René Zazzo, aliyechapisha utafiti wake juu ya mapacha mwaka 1960, alionyesha kuwa hata waliofanana kabisa na kulelewa pamoja hutofautiana kitabia kwa sababu ya uwili wao wenyewe, kila mmoja akishika nafasi yake mbele ya mwenzake. Kwa hiyo usianze na tabia, anza na mgawanyo wa kazi. Nani huongea na wageni? Nani hukumbuka ahadi? Nani huomba msamaha kwa niaba ya wote wawili? Aisha awe waziri wao wa mambo ya nje, Tunu ashike mambo ya ndani. Halafu mnyang'anye Aisha sauti kwa wiki moja, mafua yanatosha, uone Tunu atafanya nini mlango ukigongwa.

Na waone vitu tofauti. Wakiingia kwenye chumba cha kusubiri, Aisha ahesabu watu walio mbele yao. Tunu aone kuwa mzee wa pembeni anashikilia karatasi kichwa chini. Fanya hivyo mara tatu katika sura tatu na hakuna atakayekuuliza nani ni nani.

Sura ya tano ina kosa la ukweli. Tunu anafungua simu ya Aisha kwa kidole. Haifunguki. Michirizi ya vidole hujengeka tumboni, takriban kati ya wiki ya 10 na ya 17 ya ujauzito, na huathiriwa na mambo madogo kama msukumo na kasi ya kukua, kwa hiyo hata waliotoka kwenye yai moja hawalingani. Ifungue kwa kutambua uso, hiyo pacha anaweza kuidanganya. Na lile wazo lako la upelelezi kumaliza kesi kwa vinasaba, ligeuze: kipimo cha kawaida hakiwatenganishi mapacha wa kufanana. Utafiti wa Aisilandi wa mwaka 2021 ulikuta wanapishana kwa wastani wa mabadiliko 5.2 tu yaliyotokea mwanzoni kabisa mwa ukuaji, na kuyaona kunahitaji kusoma vinasaba vyote. Alama ya kidole ndiyo itakayomsema mtu.

Kuhusu kubadilishana nafasi kwa siku moja: uso usiwe ndio unaowaponza. Kiwaponze wasichokijua. Rafiki amuulize "Aisha", "Ile uliyoniambia jana, umeamua?" na Tunu hajui ni ipi. Tena iwe siri ambayo Aisha alimficha hata yeye. Hapo kugundulika na watu ni kidogo. Kikubwa ni kwamba Tunu amegundua kuna Aisha asiyemjua.

Mengine kwa haraka. Kuhisi maumivu ya mwenzake akiwa mbali, acha, hakujathibitishwa. Lugha ya siri ya utotoni mara nyingi ni matamshi ambayo hayajakomaa, wanayoyaelewa wao kwa kuzoeana. Kumuua mmoja ili mwingine apate nafasi ni njia ya mkato, na vijana huinusa mapema. Ile ya kujitazama kwenye kioo, badilisha kwa picha ya zamani. Mwaka 2015 watafiti wa Italia waligundua kuwa mapacha wa kufanana hawatambui uso wao wenyewe haraka kuliko wa pacha wao. Waweke wawili juu ya picha moja ya utotoni, wakibishana nani ni nani, na mama hayupo wa kuamua.

Ukimaliza kurekebisha, nakili mistari 20 ya mazungumzo yao, futa majina, mpe mtu ambaye hajasoma chochote, pamoja na maelezo ya mstari mmoja kuhusu kila binti. Akikosea zaidi ya mistari mitano, rudi kwenye mgawanyo wa kazi, usiguse maneno.

Na yule mtu wa kwenye ngazi, mrudishe sura ya mwisho. Aseme tena "Hamjambo?" Tunu ajibu "Sijambo," apande zake. Usieleze kitu.

Nitumie ile mistari 20, bila majina, tuone kama nitawajua.

Mama yako