Mwanangu, Haukuwa Ujinga

Mwanangu mpendwa,

Asalaam aleikum. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Bibi yako miguu ndiyo inamsumbua, lakini anakula vizuri na anakuulizia kila siku.

Ujumbe wako nimeupata. Unasema mwalimu wenu wa afya ya jamii aliwauliza kwa nini watu wa Mji wa Kale hapa Mombasa, Mei 2020, walikataa kupimwa korona. Mwenzako mmoja akajibu ni ujinga na ushirikina, darasa likacheka, nawe ukanyamaza kwa kuwa wakati ule ulikuwa mtoto wa darasa la nane na hukujua la kusema. Sasa unaniuliza: "Mama, mlikataa kwa nini? Na wewe ulipimwa?"

Mimi nilipimwa. Babako hakupimwa. Tuliamua hivyo pamoja, usiku, nyinyi mmelala, na sababu zake hatukuwaambia. Leo nakuambia, kwa sababu nimeumia kusikia tumechekwa na watu watakaokuja kuwa wauguzi wetu.

Kwanza kumbuka mambo yalivyofuatana. Kisa cha kwanza cha korona hapa Kenya kilitangazwa Ijumaa, 13 Machi 2020. Jumapili yake Rais akatangaza shule zifungwe. Hapo hatukuogopa sana. Tuliweka mtungi wa maji wenye bomba na kipande cha sabuni mlangoni, nikawa napokea pesa za mahamri kwa kuzitia kwenye bakuli la maji ya sabuni, wewe ukizianika sarafu dirishani. Wateja walilizoea bakuli lile, hata wengine wakawa wanatupia sarafu ndani kabla sijasema. Watu walitaka kujikinga, mwanangu. Usikubali mtu akuambie hatukutaka. Mji wa Kale maji ya mfereji tunayajua yanavyokuja, leo yapo, kesho hayapo, na bado watu walikuwa wakinunua maji ya mkokoteni ili wateja na wapita njia wanawe mikono.

Kisha ikaja kafyu, 27 Machi, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Siku ile ile ya kwanza, pale Likoni, watu wametoka kazini wanasubiri feri warudi makwao, hata saa moja haijafika, polisi wakawarushia mabomu ya machozi na kuwapiga. Nchi nzima iliona zile picha. Mamako mdogo alikuwa kwenye foleni ile, na bega lake lilikaa wiki kadhaa haliinuki. Mwambie mwalimu wako aanzie hapo. Serikali ilipokuja kwetu na habari ya ugonjwa, ilikuja na rungu. Aliyepigwa akiwa anakwenda nyumbani kama alivyoagizwa, mwezi ujao umwambie ajitokeze mwenyewe, akae kwenye kiti cha kupimwa, atoe jina na nambari ya simu?

Tarehe 8 Aprili wakafunga Mombasa, Kilifi na Kwale, hakuna kutoka wala kuingia. Wageni walikuwa wameshakatika tangu Machi, ndege za nje zilipozuiwa. Hoteli aliyokuwa akifanya kazi babako iliwapa wote likizo bila malipo, na likizo ya namna hiyo unajua maana yake. Akaenda kusukuma mkokoteni sokoni Marikiti. Mwanamume aliyezoea shati jeupe na tai akawa anarudi na viganja vimechubuka, na hakulalamika hata mara moja. Mjomba wako wa Nairobi, naye kafungiwa huko, alikuwa akitutumia shilingi 1,000, kisha siku nyingine 1,000, kwa sababu kutuma hadi kiasi hicho kulikuwa kumeondolewa ada. Ndivyo tulivyokula.

Sasa nije kwenye karantini, maana jibu lako limekaa hapo.

Wale waliorudi kutoka nje ya nchi mwezi wa Machi waliwekwa karantini siku 14, kwa gharama zao wenyewe. Kwenye vituo vya serikali bei tuliyoisikia ilikuwa shilingi 2,000 kwa siku. Piga hesabu: 28,000 kwa mtu mmoja. Mimi nauza hamri na mbaazi. Tena tukasikia kuna waliomaliza siku zao, mmoja kati yao akaonekana na ugonjwa, wote wakaongezewa siku nyingine na deni likaongezeka. Watu wakawa wanapiga simu kutoka mle ndani wakilia kwamba si wagonjwa na hawaruhusiwi kwenda kwao kwa ajili ya bili.

Halafu likafanyika jambo ambalo mimi hadi leo naliona kubwa kuliko hiyo bei. Waliokamatwa nje usiku wakati wa kafyu walianza kupelekwa karantini. Yaani mtu hana homa, hana kikohozi, kosa lake ni kuchelewa, adhabu yake ni kupelekwa mahali panaposemekana ni pa kuwatunza wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa. Wewe unasomea afya. Nieleze, baada ya hapo, ni nani angeamini kwamba karantini ni tiba? Mtaani lilishakuwa neno la jela. Mama wakimtisha mtoto mtundu walikuwa wakimwambia, "Nitakupeleka karantini."

Na maiti je? Aprili hiyo hiyo kulitokea maziko kule Siaya, magharibi mwa nchi, usiku, watu wenye mavazi meupe wanamtupa marehemu kaburini bila jeneza, jamaa zake wanalia kwa mbali. Picha zilifika kwenye kila simu. Bibi yako alizitazama, akanirudishia simu, akasema neno moja tu: "Nisioshwe?" Kwa mtu wa umri wake, kufa hakumwogopeshi kama kuzikwa bila kuoshwa, bila sanda, bila kuswaliwa na watu wake. Tangu siku ile akawa anaficha hata kukohoa. Nilimsikia alfajiri moja amejiziba mdomo kwa leso ili sisi tusisikie, na pumu yake ile ya miaka yote.

Ramadhani ikaingia mwisho wa Aprili, misikiti imefungwa, tarawehe tunaswali nyumbani. Tarehe 6 Mei Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, akatangaza kwamba Eastleigh kule Nairobi na Mji wa Kale huku kwetu hapaingiwi wala hapatokwi kwa siku 15. Marikiti ikafungwa. Vichochoro vya kutokea barabara ya Digo vikawekwa vizuizi na askari. Mkokoteni wa babako ukawa hauna pa kwenda. Siku 15 zikaongezwa mpaka mwanzoni mwa Juni, Idi ikatukuta ndani. Wakati huo ndipo waliposema watu wa Mji wa Kale wanakataa kupimwa.

Ni kweli, wengi walikataa. Meza ziliwekwa, viti vikapangwa kwa umbali, na watu walikuwa wakichungulia madirishani tu. Uvumi nao ulikuwapo, sikufichi: kwamba kile kijiti cha pamba cha kupimia ndicho kinachotia ugonjwa, kwamba kuna watu wanalipwa kwa kila atakayeonekana nao. Nimeyasikia kwa masikio yangu, na kuna walioyaamini. Lakini jirani zetu niliozungumza nao kwa siri, jikoni na kwenye ngazi, hawakuzungumza habari ya kijiti. Waliuliza: Nikichukuliwa, wanangu watakula kwa nani? Nikirudi, nani atanunua kwangu? Yule mama mshona buibui wa nyumba ya pili alisema, "Hata wakinikuta sina, kule kuonekana tu nimekaa kwenye kile kiti, wateja washanikimbia." Hilo si swali la mjinga.

Sisi tulikuwa na swali letu. Nyumbani kuna bibi mwenye pumu. Kama mimi ninayeshika pesa za watu na kumpikia bibi ninao ugonjwa, lazima nijue. Lakini nikionekana nao, watakaochukuliwa si mimi peke yangu, ni watu wazima wote wa nyumba, maana waliokaribiana na mgonjwa nao walikuwa wakipelekwa. Serikali mwezi huo ilitangaza kwamba haitatoza tena gharama za karantini, na lilikuwa jambo jema, ila lilikuja wakati watu washaogopa, na kulala bure hakumlishi mtoto aliyebaki nyumbani.

Unakumbuka babako alivyohamia kwa ami yako Ramadhani ile? Wewe uliniuliza kama tumegombana, nikakwambia kule kuna nafasi zaidi. Hatukugombana. Alihama kabla mimi sijaenda kupimwa, ili nikionekana nao, wakija nyumbani wasimkute, abaki mtu mzima mmoja wa kuwaangalia nyinyi. Mabegi mawili yalikuwa tayari chini ya kitanda, langu na la bibi. Yeye akawa anakuja mpaka mlangoni magharibi, anaacha tende na mkate kwenye ngazi, anagonga, anarudi nyuma hatua kadhaa, anatusalimia akiwa na barakoa yake, ndipo anakwenda kufuturu.

Najua utakavyosema sasa hivi: naye alikuwa ameshakaa nami, angeweza kuwa nao, angeupeleka kwa ami. Tulilijua hilo. Alilala peke yake chumba cha juu, vyombo vyake mbali, hakukaa na watoto wa ami. Tulifanya kwa akili tuliyokuwa nayo kile ambacho serikali ingeweza kutufanyia kama ingetuuliza: kumtenga mtu bila kumfunga, na kuacha mwenye kulisha. Mimi sioni haya kulisema mbele ya mwalimu wako.

Aliyenipeleka kwenye kile kiti si waziri wala redio. Ni yule msichana wa kichochoro cha nyuma aliyekuwa amemaliza uuguzi, unamjua, siku hizi yuko Malindi. Alikuja akapiga hodi, akavua viatu, akakaa sakafuni mbali na bibi, na kabla ya lolote akamsikiliza pumu yake. Bibi akamuuliza lile swali lake la kuoshwa. Hakumcheka. Alimwambia kuna Waislamu wanaofundishwa namna ya kuwaosha maiti wa ugonjwa huu bila kuambukizwa, na kwamba atakwenda kuulizia aje amweleze vizuri. Alirudi kesho yake na jibu. Wallahi, jibu lile lilifanya kazi kuliko matangazo yote. Siku ya pili yake bibi mwenyewe ndiye aliyeniambia, "Nenda kapimwe, mwanangu."

Nilikwenda asubuhi. Mama aliyenipima alikuwa amevaa lile vazi jeupe la kumfunika mwili mzima, na jua la Mombasa unalijua. Jasho lilikuwa limejikusanya ndani ya miwani yake hata macho yake siyaoni sawasawa. Kijiti kilipoingia puani machozi yakanitoka pande zote mbili. Akaniambia, "Pole mamangu, ushamaliza." Mikono yake ilikuwa ikitetemeka kwa uchovu. Juu, madirisha yote yamejaa macho. Nilitembea kurudi nyumbani polepole makusudi, barakoa usoni, nikiwasalimia watu kwa majina, waone kwamba bado ni mimi. Jioni yake mshona buibui akanitumia mtoto kuniuliza kinauma namna gani. Nikamwambia ukweli: kinauma kidogo, na kinapita. Naye akaenda kupimwa.

Walisema atakayeonekana nao atapigiwa simu. Simu yangu niliiweka mbele ya jiko, na kila ilipolia moyo ulikuwa ukinipasuka, hata ikiwa ni mjomba wako. Mahamri sikupika siku zile, kwa sababu sikutaka kuuza hali sijui. Simu ile haikuja. Babako akarudi siku chache kabla ya Idi, tukaswali sebuleni, yeye imamu, nyinyi nyuma yake.

Hilo ndilo jibu langu. Ukisimama darasani, usiwatetee watu wa kwenu kwa kusema hakuna aliyekataa. Waliokataa walikuwapo, na wapo waliokufa majumbani kwa kuchelewa kupelekwa hospitali, na mimi nimewalilia. Sema walikataa nini hasa. Na huyo mwenzako aliyesema ushirikina, muulize angelipaje 28,000.

Kama mwalimu atataka kusikia kwa babako mwenyewe, yuko radhi, nimeshamuuliza. Mpigie baada ya isha. Mchana yuko kazini na simu huiacha kabatini. Bibi anataka umletee dawa ya kuchua miguu ukija likizo, ile ya chupa ya kijani, si ile uliyoleta mara ya mwisho.

Mamako