Nafsi inanisuta, mwalimu

Shule zimefungua, na simu yangu imejaa maswali yenu. Karibu yote ni ya akina mama walio kazini, na karibu yote yana neno "najilaumu". Baba aliyejilaumu simwoni hata mmoja. Nimelitaja tu, tutalikuta tena huko mbele.

Shikamoo mwalimu. Nauza ndizi Mbuyuni, hapa Moshi. Natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kuwahi mzigo, narudi saa mbili usiku. Mwanangu yuko darasa la pili na mwalimu wake ameniambia hajui kusoma. Mimi mwenyewe niliishia la saba. Nafsi inanisuta kwamba nimemtupa.

Marahaba, mwanangu. Ngoja nikupe aibu yangu kwanza. Nimefundisha shule ya msingi Arusha miaka 22, na katikati ya miaka hiyo, nikiwaimbisha watoto wa watu ba-be-bi-bo-bu, wa kwangu alifika darasa la pili hajui kusoma. Sikujua. Kila jioni alinisomea kitabu chake huku nachambua mchicha, na alikuwa anatiririka kama maji. Siku moja nikainua macho. Kitabuni pameandikwa "kaka anakata kuni", yeye amesoma "kaka anakata mti", maana kwenye picha palikuwa na mti. Nikaufunika ule mti kwa kiganja. Akanyamaza. Akaanza kuutafuta mstari kwenye uso wangu.

Basi na wewe anza hapo: funika picha, kisha mwambie aanzie katikati ya ukurasa, mahali ambapo hajapakariri. Utaona anapokwama, na hapo ndipo pa kuanzia. Bahati yetu ni kwamba Kiswahili husomwa kama kilivyoandikwa. Mtoto akizishika silabi, anasoma hata neno ambalo hajawahi kulisikia. Kwa kazi hiyo la saba lako linatosha na chenji inabaki. Wengi husoma "baba" na "kaka" vizuri, halafu wanagonga mwamba kwenye mb, nd, ng', nyw: "mbuzi", "ndizi", "ng'ombe", "nywele". Kata vipande vya boksi, andika silabi moja kila kipande, mchanganyie, ayapange maneno mwenyewe. Dakika 15 zinatosha, ukishaoga, kabla usingizi haujamchukua. Ukizidisha hapo, mtoto anakutazama tu, hayupo.

Jumamosi njoo naye mezani. Fungu la ndizi mshare ni 2,000, mteja ametoa 5,000, mwachie yeye arudishe chenji. Daladala ikipita akusomee kibao.

Ukienda shuleni, usiulize "anaendeleaje?" Utajibiwa "anajitahidi", na jibu hilo mimi nimelitoa mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Uliza: "Anakwama kwenye herufi, silabi au maneno?" Mwombe akae mbele, na apimwe macho na masikio. Darasa la kwanza na la pili mtaala umeegemea KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, kwa hiyo una haki ya kudai hilo sasa. Upimaji wa taifa wa darasa la nne usiwe ndiyo mara yako ya kwanza kuambiwa. Kuhusu kumtupa: aliyetupa mtoto haandiki swali saa tano usiku.

Mimi ni muuguzi, naingia zamu za usiku. Kundi la WhatsApp la wazazi linatuma ujumbe saa tatu usiku: kesho kila mtoto aje na kipimo cha mvua alichotengeneza. Mimi niko wodini. Baba wa mwanangu yumo kwenye kundi hilohilo, alikuwa nyumbani, na ujumbe aliuona. Mtoto alienda mikono mitupu, akalia darasani. Nimeshindwa kulala.

Samahani, dada, lakini hapa aliyeshindwa kulala siye aliyepaswa kukosa usingizi. Wewe ulikuwa unapima presha za watu. Aliyekuwa sebuleni na mkasi na chupa tupu ya maji ni mwingine.

Usimwambie tena "nisaidie". Anayesaidia ni mgeni, akichoka anaaga. Mkabidhi kitu kizima: Hisabati, daftari la mawasiliano na vifaa vya kesho ni vyake, wiki za zamu yako na wiki ambazo huna zamu. Atakosea. Mtoto ataenda na kipimo kimepinda, au na soksi za rangi mbili. Kaa kimya, usikirudie kukitengeneza usiku. Ukikirudia tu, kazi imerudi kwako.

Mwalimu wa darasa naye ana lake. Muombeni, tena kwenye kikao mbele ya wote, kazi za kutengeneza vitu zitangazwe Ijumaa. Na nikuambie siri ya ofisi ya walimu: vile vilivyopendeza sana tulikuwa tunajua vimetengenezwa na nani. Mtoto wa darasa la tatu hakati boksi kwa wembe likanyooka vile.

Ni mpishi kambi ya watalii Serengeti. Nakaa porini wiki sita, nikitoka napumzika wiki mbili. Mwanangu ana miaka saba. Nimpeleke bweni, au nimuache kwa bibi yake Machame? Ndugu wanasema bibi atamdekeza.

Bweni liondoe kwenye mawazo kwa sasa. Mwaka 2023 Wizara ya Elimu ilisitisha bweni kuanzia awali hadi darasa la nne, na mimi niliyewahi kuwabembeleza watoto wa umri huo usiku wakati wa zamu ya bweni, siku ile nilishusha pumzi. Kwa hiyo ni bibi, na kudekezwa kwa mtori hakujawahi kufelisha mtu.

Shughulikia haya mawili. Kwanza shule: usimuache amesajiliwa kwingine ilhali analala Machame. Omba uhamisho rasmi, aende shule anayoweza kuifikia kwa miguu. Pili ni sauti yako. Mtandao wa porini naujua, ukipanda kichuguu unapata, ukishuka umepotea. Panga siku moja na saa moja kila wiki, na kama simu haitashika, rekodi ujumbe wa sauti ukiwa unapika: leo tembo amepita nyuma ya jiko, leo mgeni amekula ugali kwa uma. Ausikilize mara kumi akitaka, kisha bibi amrekodi naye akisoma ukurasa mmoja akutumie. Ukirudi, zile wiki mbili usizigeuze sherehe ya chipsi na viatu vipya. Mpeleke shule, mpokee shule, lala naye. Anachokisubiri ni hicho.

Nafanya kazi shamba la maua, Usa River. Nimerudi kazini mtoto ana miezi mitatu. Msimamizi anasema habari za kunyonyesha ziishie nyumbani.

Msimamizi hajasoma. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa siku 84 za likizo ya uzazi zenye malipo (100 ukijifungua pacha), na ukirudi inamtaka mwajiri akuruhusu kunyonyesha ndani ya saa za kazi, hadi saa 2 kwa siku. Andika barua fupi, baki na nakala, mpitishie mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Wengi wenu mashambani mko TPAWU, chama cha wafanyakazi wa mashamba na kilimo. Ikishindikana, Ofisi ya Kazi ya mkoa ipo. Ukiwa mbali na nyumbani, omba saa hizo ziunganishwe utoke mapema. Maziwa uliyokamua kwenye chombo kisafi chenye mfuniko yanakaa kama saa 4 penye kivuli na ubaridi.

Sheria hiyohiyo inampa baba angalau siku 3 zenye malipo, ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Muulize wa kwako alizitumia wapi.

Nimlipie tuisheni Jumamosi na Jumapili? Yuko darasa la tatu, wenzake wote wanaenda.

Hapana. Alale, acheze, aoshe soksi zake.

Nauza mitumba soko la Memorial, Moshi, tangu mwanangu akiwa mgongoni. Sasa yuko kidato cha nne shule ya binafsi. Juzi tumegombana akaniambia: "Hukuwahi kuja kikao hata kimoja." Ni kweli. Nilitaka kumwambia ada inatoka wapi, nikajizuia. Nimuombe radhi?

Umefanya vizuri kujizuia. Ada usiitaje. Ukimhesabia, atasikia kwamba anadaiwa, na mtoto anayedaiwa hukwepa njia.

Huko kwetu Uchaggani mwenye kosa hupeleka jani la sale, na aliyeletewa hana budi kusamehe. Wewe usipeleke sale, kwa sababu sioni kosa. Lakini usikatae kwamba aliumia. Alikaa kwenye benchi akiona wazazi wa wenzake wanaingia, na benchi lile analikumbuka yeye, wewe hukuwepo. Mwambie hivyo: "Ulinisubiri, sikuja. Najua iliuma."

Halafu siku ya kufungua belo la mitumba, mwamshe muende wote. Usimwambie ni funzo. Aione ile saa kumi na moja, baridi ya mwezi wa saba, wanawake wamezunguka belo kila mmoja ameshika tochi ya simu, na wewe unavyolijua sweta zuri kwa kuligusa tu. Mpe chai na chapati, apange mashati. Kama ana la kusema atalisema mkiwa mnakunja, maana mikono ikiwa na kazi mdomo hufunguka. Kama hana, mkunje tu mashati.

Na kikao kinachofuata, funga meza saa nne, uende. Bado anavyo vichache kabla ya mtihani wa Novemba.