Jibu: Uzamili wa biashara na usanifu kwa pamoja
Ndugu yangu, umeuliza kama kusoma uzamili wa biashara pamoja na usanifu wa bidhaa kutakujenga au kutakuacha nusu huku, nusu kule. Katika Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, skuli za Kellogg (ya biashara) na McCormick (ya uhandisi) hutoa shahada hizo mbili kwa pamoja, na faida yake ni kwamba mhitimu hujifunza kumchunguza mtumiaji kabla ya kuchora, na kukokotoa gharama kabla ya kuahidi. Sabuni ya mwani wetu, kwa mfano, inamhitaji mtu wa namna hiyo, anayejua kifungashio kitakachomvutia mgeni na bei itakayomwachia mkulima wa mwani wa Paje, Zanzibar, chochote. Kazi nyingi za wahitimu hao ni usimamizi wa bidhaa na ushauri. Ukitaka uchoraji mtupu, ada hiyo (nayo si ndogo) usiitoe.